Maji Chini ya Kivuko cha Bi Tabu

Bi Tabu Mloka wa Bigwa huwapikia watu harusini. Aliponunua kirikuu cha kubebea masufuria, gari halikuweza kuingia kwake, maana mbele ya geti palikuwa na ukingo wa barabara na mtaro mpana. Akataka kuuvunja ukingo na kujaza kifusi mtaroni. Kwanza akaomba kibali, na ofisi ya barabara ikamtuma fundi sanifu, dada mmoja aitwaye Kristina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ukingo tutaushusha, ila kwa upana wa geti tu. Mtaro hauzibwi. Weka kalvati maji yapite chini, na lisiwe jembamba kuliko mtaro wenyewe."

"Mwanangu, mtaro wenyewe mkavu, kuku wanalala humo."

"Ndiyo sheria, mama."

Bi Tabu alikubali shingo upande, akajengewa kivuko cha zege juu ya kalvati.

Mwezi wa nne, mchana wa jua kali, alikuwa akisugua masufuria getini aliposikia mngurumo. Huko juu, milima ya Uluguru ilikuwa imemezwa na wingu jeusi. Maji mekundu yakashuka, yakaujaza mtaro hadi ukingoni, mawe yakigongana ndani yake. Mgomba mzima ulizama upande mmoja wa kivuko chake, ukaibukia upande wa pili. Uani kwake halikuanguka tone.

Alisimama pekupeku juu ya zege, akalisikia likitetemeka.

"Subhanallah," alisema taratibu.

Jirani yake, Mzee Fransisko, alitoka akavua kofia. Walitazama pamoja mpaka maji yalipopungua.