Kuni Moja ya Ngoma ya Kibiti

Niliondoka Dar es Salaam nimekasirika. Shangazi yangu Mwanahawa, mwimbishaji wa ngoma ya mavuno ya Kibiti, alinitumia salamu kwa dereva wa lori la mkaa: "Mwambie aje. Mwaka huu wanatuzungushia ua." Mimi mpiga gita wa bendi, nala kwa viingilio vya mlangoni, lakini habari ile ilinichoma. Ngoma ile haijawahi kuwa na mlango.

Lami ilipoisha, vumbi likatupokea. Basi lilizama mchangani mara mbili kabla ya Bungu. Pale tulishuka kula mihogo ya kuchoma, na kila meza ilikuwa na sabuni na vitenge ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni. "Siku hizi ruksa!" wachuuzi walitutania. Nami nilifurahi, nikanunua sabuni.

Kibiti tuliingia jua likielekea kuzama. Shangazi alikuwa uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja mikono mitupu?"

Nikampa sabuni. Alishukuru, ila sura yake haikukunjuka.

Baada ya chakula alinisimulia ngoma ilivyoanza. Mto Rufiji ulifurika, mashamba ya bondeni yakaenda na maji, kisha watu wakahamishiwa vijiji vya juu. Majirani wa ukuta mmoja wakajikuta huyu Umwe, huyu Dimani, yule Kibiti. Baada ya mavuno ya kwanza bibi yangu, mama yake Shangazi, akawaita waonane. Hakuwa na cha kuwapa, hivyo akataka kila mtu aje na kuni moja, wakoke moto mmoja, wakanze ngoma ngozi zikaze. Tangu hapo kila mwaka ikawa hivyo. Hapakuwa na mwenyeji wala mgeni.

"Sasa Shaweji kaweka ua wa makuti, anataka kiingilio," alisema. Shaweji ni mtoto wa majirani hao hao. Alikuwa amefungua duka na disko la jenereta. "Na somo yangu Binti Mkumba anatoka huko delta, mtumbwi na miguu. Hela atatoa wapi? Tunaonana siku hii moja tu, baba. Tukikosana mwaka huu, mwakani nani ana hakika?"

Kesho yake alasiri tulikwenda kiwanjani. Shaweji aliniona kwa mbali. "Msanii wa mjini, pita bure!" Nikapita. Shangazi naye alipita, kwani bila yeye hakuna ngoma. Mlangoni bawabu aliwarudisha wenye kuni wasio na kiingilio: kiwanja kimefagiliwa, asilete mtu uchafu. Wakakaa nje juu ya kuni zao, na Binti Mkumba, mwembamba, miguu imejaa tope, alikuwa kati yao na kipande chake cha mkoko.

"Haya, anzeni!" Shaweji akasema.

"Ngoma hazijaota moto," Shangazi akamjibu.

"Nitanunua kuni, Bibi. Mzigo mzima."

"Nunua. Ngoma zitakanzwa. Mdomo wangu hautafunguka."

Shaweji akachungulia nje kwenye upenyo wa ua. Labda aliwaona waliomlea. Mimi niliona anafuta jasho tu. Kisha akashika ua wake mwenyewe, akang'oa kuti moja, akalileta mpaka miguuni pa Shangazi.

"Na hili je?"

"Ndiyo kuni yako hiyo, mwanangu. Karibu ngomani."

Wa nje hawakungoja kuitwa. Waliingia kwa pengo lile, wakalipanua, kila mmoja na kuni yake, na makuti yaliyobaki yakafuata motoni. Shangazi na Binti Mkumba walishikana mikono. Ngoma zilipolia, nililia na mimi, wala sioni haya kusema.

Asubuhi Shangazi alinisindikiza kituoni. "Umecheza vizuri, baba," alisema, "lakini umeota moto wa wenzio."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiyarudia maneno yale. Nilikuwa nimekwenda kutetea ngoma ya bure, nikidhani bure ni pale ambapo mtu hatoi kitu. Hata Shaweji alikuwa ametoa.

Mwaka uliofuata nilipanda basi na kuni ya mwarobaini kwapani. Kondakta akaangua kicheko.

"Kaka, Rufiji wameishiwa kuni?"

"Zimejaa tele," nikamwambia. "Hii ni yangu."