Chumvi Itoke Kwanza

Mwanangu, nakumbuka siku niliyolamba udongo mbele ya mama mkwe wangu, na mpaka leo naringa nikiisimulia.

Ilikuwa zama za Mwingereza. Nilikuwa bibi harusi mpya, nimetoka Kipatimu kwenye ardhi nyeusi, nikaolewa Kilwa Kivinje penye mchanga mtupu. Nikaomba mahali uani nilime mboga. Ami Shomari, mdogo wa baba mkwe wangu, alikuwa akipataka pale pale ajenge banda la nyavu zake. Akasema, "Haya, lima. Mvua ikianguka hapajaota kitu, nasimamisha nguzo zangu." Nilijua nikishindwa nitaitwa mgeni wa bara asiyefaa kitu mpaka nizeeke.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, alikuwa akisokota kamba. Makumbi ya nazi aliyafukia kwenye tope la pwani mpaka yakalainika, kisha akayafukua na kuyapiga kwa gongo apate nyuzi. Unga mweusi uliobaki aliutupa. Mimi nikaushika ule unga, mwororo, unanyonya maji na kuyatunza, nikasema moyoni, hapa nimeipata Kipatimu yangu! Nikaulundika uani kikapu baada ya kikapu. Nilipotaka kupanda mbegu humo, Bi Somoe akanishika mkono.

"Onja kwanza."

"Nionje udongo, mama?"

"Onja. Umelala baharini huo."

Nikalamba. Chumvi tupu! Basi nikawa naumwagia maji ya kisima asubuhi na jioni, ndoo kichwani, shingo inaniuma. Majirani wakachungulia: "Jamani, mke wa Kipatimu anaogesha makumbi!" Nami sikukosa la kuwajibu: "Basi nileteeni sabuni!" Lakini mawingu yalikuwa yakikusanyika, na kila nikionja, bado. Nilitamani nipande hivyo hivyo, liwalo na liwe. Mama mkwe akatikisa kichwa tu. Nikamwaga tena na tena, mpaka ulimi haukuona kitu. Ndipo nikauchanganya na mchanga na samadi ya mbuzi, nikainua matuta, nikasia mchicha.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, Ami alikuja na nguzo begani. Akakuta matuta yamefunikwa na mchicha mchanga. Akaziteremsha.

"Hizi zitafaa uzio," akasema. "Mbuzi wasije wakakutia hasara."

Akazichimbia mwenyewe. Nililia kwa furaha, mwanangu, wala sikujificha. Bi Somoe akawaita wale majirani waingie ndani watazame vizuri, maana kuchungulia kunaumiza macho.

Basi nakuusia: ukifika ugenini, usidharau wanachokitupa wenyeji, huenda riziki yako imo humo. Lakini kisafishe mpaka uridhike mwenyewe. Usiharakishwe na mawingu wala vicheko vya watu, na anayekuzuia kwa mapenzi msikilize. Mola akujaalie kiwanja chako, maji ya karibu, na chungu kisichokosa mboga. Amin.