Pengo Nililochora Ubaoni

Nilimchukia karani wa shamba letu tangu siku ile aliyonitazama mdomoni kama mtu anayekagua ng'ombe mzee sokoni. Ilikuwa miaka ya thelathini, huko Kericho. Kazi yangu katika kiwanda cha chai ilikuwa kupaka alama nyeusi kwenye makasha kabla hayajapakiwa. Yeye aliletwa kutoka mbali, alikuwa amesoma misheni, meno yake yote yalikuwa mahali pake, na alihakikisha tunayaona.

Wakati huo sigara za magendo zilikuwa zimejaa katika laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi. Zilitoka upande wa Chepilat, zimefichwa chini ya mayai kwenye kikapu cha mchuuzi mmoja: tumbaku kali iliyosokotwa kwa karatasi za gazeti, haijalipiwa ushuru hata kidogo. Serikali ilimsumbua meneja, meneja akamsumbua karani, karani akaja kunisumbua mimi. Alisema watu hawa hawajui kusoma tangazo, kwa hiyo wachorewe picha ya kuwatisha, itundikwe pale majani yanapopimwa. Picha ikifaulu, ningebaki na kazi yangu na chumba changu. Isipofaulu, nifungashe.

Nilianza kwa kumchora mtu anayekohoa, ameshika kifua. Nilikuwa nimemzika jirani aliyekohoa vilevile, kwa hiyo nilijua ninachokichora. Karani aliitazama kidogo, akasema haiwezi kumtisha mtu. Kisha akaninyooshea kidole mdomoni.

"Chora mutu ya meno kung'oka," akasema. "Kama mdomo yako hii. Waone vile hiyo sigara inaharibu mutu."

Sisi watu wa ziwa tuling'olewa meno sita ya chini tukiwa vijana, na ole wake aliyelia. Bila pengo hilo hukuhesabiwa kuwa mtu mzima. Wakipsigis waliochuma chai pamoja nasi nao walikuwa wameng'olewa mawili ya chini. Karani hakuwahi kumuuliza yeyote kati yetu. Ningeweza kumwambia, maneno machache tu yangetosha. Lakini damu ilinichemka, nikamjibu, ndiyo bwana karani.

Nilimchora yule mtu kwa siku tatu kwenye ubao wa kasha lililovunjika. Nikampa mabega mapana na koti zuri, nikamtia sigara ya gazeti kati ya vidole, nikamchorea pengo safi la meno sita, na ufizi nikaupaka udongo mwekundu. Sijawahi kuchora kitu kizuri kuliko kile, na nilikichora kwa chuki tupu.

Watu walikuja kupimiwa majani, vikapu mgongoni, wakasimama kumsifu. Mchumaji mmoja wa makamo alisema hatimaye wenye shamba wamemheshimu mtu mzima, hata wamemwonyesha sigara inayomfaa. Jumapili iliyofuata mchuuzi alimaliza sigara zote, akarudi na mayai yake. Wanunuzi hawakuwa na haja ya kuitaja bidhaa; walifungua mdomo, wakaonyesha pengo, akajua.

Karani alinijia kiwandani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nichore mdomo yangu," nikamjibu. "Nikachora."

Jibu lile lilinifurahisha kutoka kiwandani hadi mlangoni kwangu. Kabla ya jioni chumba kilikuwa na kufuli la shamba, na vyombo vyetu viko nje kwenye manyunyu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Tuliteremka kwa miguu kuelekea Soin, sufuria na blanketi kichwani mwake, mimi nimebeba kitanda. Njiani aliniuliza kama nilijua kwamba watu wangeipenda ile picha. Nilichoka kudanganya, nikasema nilijua. Akautua mzigo. Yeye pia hana yale meno sita, na nilitegemea kwamba yeye, kama si mwingine, angenielewa.

"Hata mimi alinitukana," akasema. "Lakini mimi ningemwambia, nipate kulala ndani."

Akajitwika mzigo wake, akatangulia mbele yangu hadi Soin. Juma lile lile mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hapo, nyuma ya duka la watu tusiowajua, juu ya magunia.