Ufunguo Mmoja wa Landrova ya Baba Kulwa

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya pumba za mpunga, maana meza yangu ya ufundi ilikuwa jirani na mashine ya kukoboa hapa Ifakara, na msimu wa mavuno ulikuwa umekolea. Wewe unanicheka kila ukimaliza kitasa cha gari, ukiniona nachomeka ufunguo wa ajabu ajabu kabla hatujamwita mwenye gari. Unadhani ni uzee. Weka simu yako chini kidogo nikueleze ulikoanzia huo uzee.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka kufuzu kwa Fundi Lipangile, Mndamba mmoja mwenye mikono mizito na maneno machache. Najiona mimi ndiye mimi. Nilikuwa navaa suruali iliyopigwa pasi hata kazini, basi fikiria. Asubuhi hiyo akaja Baba Kulwa, Msukuma wa Namawala, aliyehamia bondeni na ng'ombe wake miaka michache nyuma. Nikamwamkia kwa lugha yao, "Mwangaluka, baba," naye akacheka kama kawaida yake.

Alikuwa na Landrova kuukuu iliyoleta mpunga wa majirani zake mashineni. Mlango wa kulia ulikuwa wake tangu mwanzo, wa kushoto ulitoka kwenye gari bovu la Kisawasawa, na swichi ya kuwashia ilitoka sijui wapi. Funguo tatu, amezifunga kwenye kamba ya ngozi.

"Mwanangu, nimechoka," akaniambia. "Mvua inanikuta mlangoni nahangaika upi ni upi. Nifanyie uwe mmoja tu."

Kazi yenyewe unaijua. Ndani ya kitasa kuna vibati vidogo vya shaba, kila kimoja na urefu wake, na ufunguo sahihi ukiingia vyote vinajipanga na kitasa kinazunguka. Ukitaka kikubali ufunguo mwingine, unavitoa, unavipanga upya, na kisichofaa unakitafutia mwenzake kwenye kopo la vitasa vibovu. Ni kazi ya kuinamia. Swichi niliifanya vizuri, naapa, hata leo ningejivunia. Lakini nilipofika mlango wa kushoto, jua lilikuwa limeshapanda, na mimi nilikuwa na ahadi Lupiro. Pantoni ya saa nane ikikuacha, unabaki unautazama mto Kilombero kama bwege. Siku hizi mnavuka darajani bila hata kugeuza shingo, hamjui raha ya kusubiri pantoni umevaa shati jipya. Ng'ambo alikuwapo binti mmoja. Aliolewa na mwalimu, na mama yako hana haja ya kuyajua haya.

Basi nikalipua kazi. Nikachukua tupa, nikavisaga vibati vyote vya mlango ule mpaka vikalala. Nikachomeka ufunguo, kitasa kikazunguka laini kabisa. Baba Kulwa akajaribu mlango huu, akajaribu ule, akawasha gari, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Pantoni niliiwahi.

Wiki ile ile alirudi na mpunga wa Mama Anna, mjane jirani yake. Foleni ya mashine ilikuwa ndefu, akafunga gari vizuri, akaenda kula. Kurudi, magunia matatu hayapo. Kioo kizima, mlango umefungwa, hakuna hata mkwaruzo. Na ufunguo ni mmoja, uko mfukoni mwake.

Unaona watu walivyopiga hesabu. Kama gari halikuvunjwa, basi amelifungua mwenyewe. Namawala nzima ikasema mfugaji kauza mpunga wa mjane. Maneno ya zamani ya ng'ombe kuingia mashambani yakafufuka, na wengine wakataka ahame kabisa na mifugo yake. Mimi habari zikanifikia mezani siku hiyo hiyo. Nilijua papo hapo. Nikanyamaza siku tatu, mwanangu. Niliogopa kupoteza wateja, nikawa naitikia tu, "Eti? Watu wabaya sana." Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko ile tupa.

Siku ya nne akaja Fundi Lipangile. Nikamwambia shikamoo, akaitikia bila kukaa.

"Ile Landrova ulipoimaliza, uliijaribu kwa ufunguo wa nani?"

"Wa kwake, mzee."

"Wa kwake lazima ufungue. Mimi nilikufundisha kujaribu usio wa kwake." Akachomoa tupa mezani kwangu, akaitia mfukoni mwake. "Yule mzee analala na jina la mwizi, wewe unalala na jina la fundi. Chukua baiskeli."

Akatangulia hadi Namawala bila kugeuka nyuma. Tulikuta watu wamekaa mbele ya ofisi ya kijiji, Landrova imeegeshwa pembeni, na Baba Kulwa kwenye benchi peke yake, kofia mapajani. Nikasimama. Nikaona aibu ya ile suruali yangu ya pasi. Nikamwomba Mama Anna ufunguo wowote alionao. Akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo wa kabati lake.

"Jaribu mlango wa kushoto, mama."

Akauingiza. Ukazunguka. Mlango ukafunguka.

Nikaeleza yote, tupa, pantoni na zile siku tatu. Mama Anna alibaki ameushika mlango, kisha akaenda kumpigia magoti Baba Kulwa, analia. "Kumbe hata mimi ningeweza kuiba," alisema. "Nisamehe, baba."

Mimi nilijua nitatukanwa, na wengine walinitukana kweli. Msimu uliofuata nililima majaruba ya Mama Anna kufidia magunia yake. Lakini siku ile Baba Kulwa alikuja mbele yangu, akaufungua ufunguo ule kwenye kamba ya ngozi, akaniwekea kiganjani. "Kile kitasa kitengeneze tena," akasema. "Wewe mwenyewe, siyo fundi mwingine." Nililia mbele za watu.

Mzee alipofariki, mwanawe Kulwa aliniletea ufunguo huo. Ndio huu unaouona nachomeka kwenye kila kitasa unachokimaliza. Ukikifungua, kitasa kinarudi mezani.

Nasaha yangu ni hiyo, mwanangu. Kazi yako ijaribu mahali usipopenda ijaribiwe. Na kosa lako likimwangukia mtu mwingine, usingoje kuulizwa, siku moja tu ya kunyamaza ni nyingi kwake. Mungu akupe mikono yenye subira, akupe wateja wa kukurudia, na siku utakayokosea, maana utakosea, akupe miguu ya kwenda kusema.