Nilivyoisoma Mikono Yake

Nimefanya kazi mpakani Malaba miaka mingi, katika ofisi ndogo ya mawakala wa kupitisha mizigo forodhani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuangalia watu. Kabla dereva hajafungua mdomo, nilijua kama amelala kwenye foleni siku tatu au kama karatasi zake zina kasoro. Nilijivunia jambo hilo. Mtu akichoka sana hujivunia vitu vidogo.

Kaunta tulikuwa wanawake wawili. Mwenzangu alikuwa binti kutoka Busibwabo, mdogo kwangu kwa miaka karibu ishirini, mcheshi, aliyemwita kila dereva "boss" hata kama shati lake lina grisi hadi kolani. Akaenda kujifungua. Kwa kuwa alikuwa kibarua, hakuwa na likizo ya maana. Akarudi upesi, amebadilika.

Alikunja mikono kifuani kutwa nzima. Karatasi alizipokea kwa mkono mmoja, ule mwingine ukabaki pale pale, kama mtu aliyenuna. Meneja akiingia, alimgeuzia bega. Mara kwa mara aliondoka bila kuaga akakaa chooni muda mrefu, mimi nikabaki na foleni, miguu imevimba. Dereva mmoja mzee aliniuliza, "Mama, huyu dada tumemkosea nini?" Nikamwita aliyefuata.

Meneja naye akaniuliza, "Mwenzako ako na shida gani?"

"Hana shida. Ni maringo tu. Siku hizi hata salamu ni kazi."

Nilisema hayo nikibana karatasi kwa stepla, bila kuinua kichwa. Jumatatu iliyofuata alipelekwa uwanjani kukagua lakiri zinazofunga milango ya makontena, kwenye jua.

Wiki hiyo hiyo niliingia chooni nikamkuta ameinama juu ya sinki, blauzi wazi, anakamua maziwa. Machozi yalikuwa yanamtoka kimya kimya. Kando yake kulikuwa na vitambaa viwili alivyovitoa kifuani, vimelowa chapachapa.

"Yakikaa yanauma, mama," alisema. "Yakitoka, watu wanaona. Blauzi zote ziko na madoa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifunga vifungo kimoja kimoja. "Ulikuwa umeanza kuniangalia vibaya."

Mimi nimenyonyesha watoto wanne. Wa kwanza nilimwacha nyumbani nikienda kuuza mboga sokoni Matayos, na maziwa yalinitoka vivyo hivyo, ila nilikuwa na leso ya kujifunika na mama wa meza ya jirani aliyenisimamia mboga nikienda kukamua. Nilikuwa nimesahau. Au nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kukumbuka.

Nilikwenda kwa meneja. "Yule dada nilimkosea. Hana maringo."

"Si ni wewe ulisema?"

"Nilisema."

"Na leo unasema hana." Akarudi kwenye simu yake. Nilirudi kwake mara tatu ndipo akakubali kumrudisha kaunta.

Nikaenda uwanjani kumpa habari mwenyewe. Nilimkuta kati ya malori mawili, amevaa lile jaketi la manjano la kazi, pana, limemfika mapajani.

"Asante mama, lakini wacha nikae huku," alisema. "Hii jaketi inaficha kila kitu. Na huku watu wanaangalia makontena."

Sikumsihi. Alikaa huko hadi mtoto akaanza kutembea. Meneja yule alikuwa amehama. Aliyekuja hakujua lolote, akamrudisha kaunta kwa sababu tu tulipungukiwa na mtu.

Sasa tunakaa bega kwa bega tena. Tunaongea habari za mvua, za mtandao kukatika, za foleni iliyofika barabarani. Ananiita mama kwa heshima ile ile. Mtoto wake sijamwona mpaka leo, na sijapata uso wa kumwomba amlete.