Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Ua

Jumamosi nilikuwa Muleba sokoni, kwenye duka la mnunuzi wa kahawa, mwanangu mgongoni. Redio ilikuwa ikisema nchi tajiri zinaombwa kuzisamehe nchi maskini madeni yao.

Bibi mmoja wa Izigo akacheka. Mwenye duka alikwisha kununua kahawa yake ikiwa bado ua, kwa bei ya chini, biashara tunayoita butura, bibi alipohitaji fedha za kumtibu mjukuu.

"Waitu, ndugu yetu, umesikia?" akamwambia mwenye duka. "Na wewe ni tajiri."

"Tajiri wa kofia hii?" Aliivua, akatuonyesha ilivyotoboka. Tukacheka wote.

Kisha bibi akashika kaunta kwa mikono miwili. "Siombi yote. Natamani mwaka huu nianike kahawa yangu uani, niigeuze, niinuse. Miaka yote naipalilia ikiwa ya mtu."

Mwenye duka akavaa kofia. "Mibuni ya nyuma ya nyumba vuna mwenyewe. Ile mingine inanitosha. Deni limekwisha."

Bibi akapiga goti kushukuru, machozi yakimtoka. Aliponyanyuka aliuliza taratibu, "Na mjukuu akiugua tena, utachukua ua la mwakani?"

"Njoo tu, mama," alijibu kwa upole, lakini hakumtazama.

Wema wa yule baba niliuona kwa macho yangu, na nilimwombea. Ila wakubwa wanaojadili madeni ya nchi zetu, naomba mtu awaulize swali la yule bibi kabla hatujapiga makofi.