Dumu Nyuma ya Kiti

Mume wangu hakuwahi kubadilisha pampu ya maji ya pikapu yetu. Alinunua dumu. Lilikuwa la njano, lililowahi kubeba mafuta ya kula, na lilikaa nyuma ya kiti miaka yote tuliyokuwa tukipeleka viazi kutoka Njombe hadi Makambako. Kila tulipofika kwenye kijito tulisimama. Yeye alifungua boneti na kusubiri mvuke upungue, mimi nikashuka kwenye majani yenye umande kuchota maji. Watu wakituuliza, alisema gari lina kiu. Baridi ya Njombe ni rafiki mbaya wa gari bovu, maana inauficha ubovu wake. Lingekuwa gari la Dar es Salaam, lingekufa wiki ya kwanza.

Alipofariki, Mungu amlaze pema, nilibaki na watoto wawili, shamba la viazi na pikapu hiyo. Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa kikao sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu, wakinywa chai yangu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyeongea zaidi.

"Gari ni mali ya ukoo," alisema. "Shemeji apumzike. Mwanamke na pikapu, wapi na wapi? Mnunuzi nimeshampata, yuko Makambako."

Niliinua mkono kama mwanafunzi, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi. Nikasema leseni ninayo, viazi nalima mwenyewe, na gari likiondoka nitabaki nikiwapigia magoti wenye malori wanibebee mzigo kwa bei wanayotaka wao. Wanangu watakula nini?

Shemeji akacheka. "Gari lenyewe lipi? Lile halifiki Makambako bila kunyweshwa kama ndama."

Wote wakacheka. Hapo ulimi ukanitangulia. "Na likifika bila kuongezwa hata tone?"

Baba mkubwa mmoja, nadhani njaa ilikuwa inamuuma, akakata shauri. Jumamosi shemeji apande nami. Likifika Makambako bila kuongezwa maji, libaki kwangu na neno hilo lisirudiwe tena. Likichemsha njiani, liuzwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mnunuzi yuko hukohuko.

Kesho yake nililipeleka kwa fundi tuliyemzoea, pale mjini Njombe. Hakulikaribia hata kidogo. Alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, nisamehe. Nimeambiwa nisiliguse."

Hakusema ameambiwa na nani, wala sikumuuliza. Fundi wa pili alisema ana kazi nyingi mpaka wiki ijayo, ilhali alikuwa amekaa anacheza bao. Nilirudi nyumbani nina hasira mpaka baridi ya Julai nikaisahau. Nikajiambia, kama mji mzima umeambiwa usiliguse, mimi sijaambiwa.

Nikapanda Kosta hadi Makambako kutafuta pampu. Muuza spea aliniuliza fundi wangu yuko wapi, anataka kuongea naye. Nikamwambia anaongea naye. Alinitazama viatu, akanitazama usoni, kisha akaiweka pampu mezani pamoja na gasketi yake, ile karatasi ngumu inayokaa katikati ya pampu na injini ili maji yasipite.

Kazi niliifanyia nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimetazama kwenye simu jinsi mzungu mmoja anavyofungua pampu, katika gereji iliyo safi kuliko jiko langu. Bando liliniishia akiwa ndiyo kwanza anatoa feni. Kuanzia hapo nilienda kwa akili zangu.

Sijamaliza kumwaga maji ya rejeta, mama mkwe akatokea na kigoda na sinia. Huyu ndiye aliyemzaa mume wangu, na ndiye aliyemzaa shemeji pia. Siku ya kikao hakufungua kinywa, na sikujua kimya kile kilikuwa upande wa nani.

"Vitu vidogo vinapotea kwenye majani," alisema, akakaa. "Nipe mimi."

Nikawa namkabidhi bolti moja moja. Hazikuwa sawa, nyingine ndefu nyingine fupi, naye alizipanga kwenye sinia kama zilivyokaa kwenye injini, na kuku akisogea anamfukuza kwa kanga. Maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kwa kutu, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Pampu ilipotoka, niliushika mhimili wake ukacheza kama jino la mtoto. Chini yake kulikuwa na kitundu kidogo chenye michirizi ya kutu. Ndimo maji yetu yote yalimopitia.

Nilimkasirikia mume wangu, nasema wazi. Nilimpenda na nilimkasirikia. Nilikuwa nateremka mitoni na dumu nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, kwa sababu ya kitu kinachoenea kwenye viganja vyangu viwili.

Nikafunga pampu mpya, nikarudisha feni na mkanda wake, nikajaza maji, nikawasha. Nikachuchumaa kutazama. Tone likaanguka. Likafuata jingine.

"Linavuja," alisema mama mkwe.

"Naona, mama."

Nilikaa chini palepale kwenye tope nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira tupu. Mawazoni nilimwona shemeji akihesabu pesa za gari langu huku akinipa pole. Mama mkwe aliniacha nimalize. Kisha akakung'uta sinia, akaliweka tena magotini.

"Haya, fungua. Sinia bado ninalo."

Nilipofungua nikaona kosa langu. Vipande vya gasketi ya zamani vilikuwa bado vimeganda kwenye chuma cha injini, nami nilivifunika tu kwa haraka ya kumaliza. Nilivikwangua kwa kisu cha jikoni mpaka chuma kikang'aa. Gasketi mpya ilikuwa imeshachanika, kwa hiyo nilikata nyingine kwenye karatasi ngumu ya nyuma ya kalenda ya kanisani, kwa kufuata umbo lake, nikaipaka silikoni pande zote. Safari hii sikuwa na haraka. Niliiacha ikauke hadi kesho yake, na nilipowasha hapakuwa na tone.

Jumamosi shemeji alikuja amevaa koti zuri, kama mtu anayekwenda kupokea pesa. Alilitoa dumu nyuma ya kiti, akalijaza bombani na kulipakata. "Kwa usalama," alisema. Mama mkwe akajipenyeza katikati yetu, hakuna aliyemwalika wala aliyethubutu kumkataza. Mimi nilipakia magunia ya viazi mpaka springi zikalala. Sikuwa nakwenda kutembea.

Kwenye kijito cha kwanza shemeji alikohoa. "Hapa marehemu alikuwa anasimama."

"Najua. Aliyekuwa anachota ni mimi."

Tulipoanza kupanda kilima kirefu, mshale wa joto ukapanda nao. Ukafika katikati. Nikabadilisha gia, nikasali kimoyomoyo. Ukabaki katikati.

"Kuna harufu," shemeji akasema. "Nasikia harufu ya kuungua."

"Ni soksi zako," mama yake akamjibu.

Makambako tulipokewa na upepo wake wa siku zote. Mnunuzi alikuwa anatusubiri karibu na soko. Shemeji aliruka chini na dumu lake, akataka rejeta ifunguliwe papo hapo. Nikamwambia ikifunguliwa sasa tutamuuguza yeye, kwanza ipoe. Tukanywa chai kwa mama lishe, mama mkwe akala maandazi bila haraka yoyote. Kisha nikafungua mfuniko mwenyewe. Maji yalikuwa yamejaa hadi mdomoni.

Mnunuzi aliinama, akaishika feni akaitikisa, akapitisha kidole chini ya pampu. Kidole kilitoka kikavu.

"Sasa hili nalitaka kweli," alisema. "Naongeza bei."

Shemeji akamgeukia, uso umemchanua. "Basi tunaweza kuongea..."

"Haliuzwi," nikasema. Nilisema kwa sauti hata wauza vitunguu wakageuka. "Lilikuwa linauzwa lilipokuwa bovu. Mlipolicheka. Limepona kwa mikono yangu, na neno lilishasemwa kwenye kikao, na mama yako amekaa hapa shahidi."

Shemeji alimtazama mama yake. Mama mkwe alijifuta mafuta ya andazi, akapanda garini na kufunga mlango.

Nikawasha. Viazi vilikuwa vinasubiriwa sokoni. Shemeji alibaki amesimama kwenye upepo, amelikumbatia dumu lake, maji yakivuja kwenye kifuniko na kumchuruzikia kwenye koti.

"Na dumu je?" akauliza.

"Hilo ni mali ya ukoo, shemeji," nikamwambia. "Rudi nalo."